Mpishi Alijua Tangu Jioni
Somo la robo hii: ushirikiano na mawasiliano ya watumishi katika makao ya wazee



Somo la robo hii linahusu jambo lisiloonekana katika picha tunazowatumia. Katika picha mnaona vitanda vipya, magodoro, tangi la maji, na wazee waliovalishwa nguo safi wakiwa wamekaa kwenye benchi. Hamwoni maneno yanayotoka kwa mtumishi mmoja kwenda kwa mwingine, wala hamwoni yale yaliyoishia njiani. Hata hivyo ni maneno hayo, pengine kuliko kitanda, yanayoamua kama mzee ataamka salama kesho asubuhi. Tumejifunza hili kwa gharama, na aliyeilipa gharama hiyo si sisi.

Usiku wa mzee seremala

Katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja jina kulikuwa na wazee 34 na watumishi 13, ukiwahesabu na walinzi. Mmoja wa wazee hao alikuwa fundi seremala wa siku nyingi. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, lakini mikono yake ilikuwa bado ina nguvu, na yeye ndiye aliyekuwa akirekebisha viti vya bwalo bila kuombwa. Alikuwa akipewa kidonge cha glibenklamidi asubuhi na kingine jioni.

Siku hiyo mchana mzee hakula. Jioni mpishi aliichukua sahani yake ikiwa na ugali karibu wote na dagaa hawajaguswa. Akawaza kwamba labda mzee amechoka na dagaa, akaosha sahani, akaenda nyumbani. Saa 1 usiku muuguzi alipita na sinia la dawa. Orodha ilisema kidonge 1, akatoa kidonge 1, mzee akameza. Saa 3 mhudumu aliyekuwa akiwafunika wazee blanketi alimkuta anatoka jasho jingi. Akadhani ni joto, akafungua dirisha. Saa 8 usiku mlinzi aliyekuwa akizunguka na tochi alimsikia anasema maneno yasiyoeleweka. Alidhani anaota. Saa 11 alfajiri mzee wa kitanda cha jirani aliita kwa sauti kwamba mwenzake haamki.

Mashine ya kupima sukari ilikuwepo kituoni. Ilikuwa ndani ya kabati la ofisi, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa matroni, naye alikuwa msibani wilaya nyingine. Walihangaika kutafuta gari kwa majirani, wakamfikisha hospitali kukiwa kumekwisha kupambazuka. Huko aliwekewa glukosi kwa njia ya mshipa. Alirudi baada ya siku 9, lakini hakurudi yule aliyezoeleka. Randa hakuweza kuishika tena, na binti yake alipokuja kumwona kutoka mbali, mzee alimwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki.

Sasa tuhesabu. Mpishi alijua kwamba mzee hajala. Muuguzi alijua kwamba mzee amemeza dawa. Mhudumu alijua kuhusu jasho, na mlinzi alijua kwamba maneno yake hayaeleweki. Ukiviweka vipande hivi vinne juu ya meza moja, hata mtu ambaye si mganga atasema: mpeni mzee huyu sukari haraka. Lakini meza hiyo haikuwepo. Kila mmoja alibaki na kipande chake mfukoni, na kila mmoja, kwa upande wake, alikuwa amefanya kazi yake.

Kwa faida ya wale wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani au vituoni, tueleze kidogo. Dawa kama hii hulisukuma kongosho litoe insulini, iwe mtu amekula au hajala. Akiwa hajala, sukari ya damu hushuka kupita kiasi. Ikifika chini ya 3.9 kwa kipimo cha mashine zetu nyingi, tayari ni hatari. Mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na mwisho huzimia. Kwa mzee figo hufanya kazi polepole, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi umri wa miaka 60. Hatusemi mtu ajiachishe dawa. Tunasema mkamwulize daktari. Na mzee anayeanza kuonyesha dalili hizo, maadamu bado anaweza kumeza, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, kisha aitwe anayehusika. Aliyezimia asinyweshwe kitu, maana kitaingia mapafuni.

Hatuna budi kusema na upande wetu. Sisi wa ofisi ya miradi ndio tuliopeleka ile mashine. Tulipiga picha ya makabidhiano, tukasaini, tukaondoka. Hatukuuliza nani atalifungua kabati usiku. Katika taarifa yetu ya robo ile tuliandika kwamba wazee wote wanaendelea vizuri isipokuwa mmoja aliyelazwa kwa ugonjwa wa kisukari. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, na haikumfundisha mtu yeyote jambo lolote.

Kwa nini hawakuambiana

Wiki mbili baadaye tuliomba kukaa na watumishi wote pamoja, wakiwemo wa jikoni, wa kufulia na walinzi. Ilikuwa mara ya kwanza watu hao kukaa chumba kimoja tangu kituo kifunguliwe. Mlinzi mmoja alisimama karibu na mlango muda wote kwa sababu hakuamini kwamba kiti kile ni chake.

Tulimwuliza mpishi, kwa upole, kwa nini hakusema. Akajibu, “Mimi ni mpishi. Nikimwambia Sista kwamba mzee hajala, si ataniuliza uuguzi nimesomea wapi?” Muuguzi, binti wa miaka 26, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mama, ningekuuliza mimi ningeonekana nakuchunguza kama unapika vizuri.” Mlinzi yeye alisema kazi aliyopewa ni geti.

Tumelifikiria sana jibu la yule binti. Tunazoea kusema kwamba tatizo ni kiburi cha waliosoma mbele ya wasiosoma, na kweli kipo. Lakini hapa kulikuwa na kitu kingine: kijana hakutaka kumhoji mtu mzima, na mtu mzima hakutaka kumfundisha kazi mwenye cheti. Heshima, ambayo ndiyo mali yetu, ilikuwa imegeuka kufuli. Tunapenda sana kuhubiri juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, lakini katika kituo kile mguu haukuwa na njia ya kuuambia mkono kwamba umechomwa na mwiba.

Kuna jambo jingine linalofanya makao ya wazee yawe tofauti na hospitali, na tungeomba wafadhili wetu wa nje walielewe vizuri. Katika hospitali zetu mgonjwa huwa na ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji asubuhi, anayeona umenyweka au haukunyweka, anayemkimbilia muuguzi na kusema, “Njoo umwone, leo si kama jana.” Habari nyingi za mgonjwa hupita mikononi mwa huyo ndugu, ingawa hakuna anayemlipa wala kumwandika popote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilieleza kwamba kumtunza mzee katika makao liwe ni suluhisho la mwisho, pale ambapo familia haipo au haiwezi. Maana yake ni kwamba anayefika katika makao, yawe ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro au Kolandoto mkoani Shinyanga, ama ya makanisa, kwa kawaida ni yule ambaye hana wa kumsemea. Huyo ndugu wa kukimbia na kusema “leo si kama jana” hayupo. Lazima watumishi wawe yeye, na haiwezekani kuwa yeye kama kila mmoja anakijua kipande kimoja tu.

Wanaojua zaidi ni akina nani

Tangu siku hiyo, tukitembelea kituo, hatuanzii tena ofisini. Tumegundua kwamba anayekaa na mzee muda mrefu zaidi ndiye anayelipwa kidogo zaidi, na ndiye anayejua mengi zaidi. Mfua nguo anajua nani ameanza kujikojolea na nani hakojoi, maana shuka zinamwambia. Anajua nani ana choo chenye damu. Anayemwogesha bibi anauona mgongo wake kila siku. Anaweza kukuambia kwamba pale juu ya kiuno ngozi imebadilika, jana haikuwa hivyo. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu wa kidonda cha kulala hauonekani upesi kama vitabu vinavyosema. Mkono ndio unaohisi mahali pamekuwa na joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Mhudumu akiliona hilo leo na likasemwa leo, mzee atageuzwa kila baada ya saa 2 na ngozi itapona. Likisemwa baada ya wiki, mtakuwa mnatibu shimo.

Kuna bibi mmoja katika kituo hicho hicho ambaye kadiri miaka ilivyosonga alikisahau Kiswahili chote, akabaki na lugha ya kwao tu. Watumishi walikuwa wakimwitikia kwa tabasamu, “Ndiyo, Bibi, sawa, Bibi.” Anayekata majani na kupasua kuni alikuwa mtu wa upande wa kwao. Siku moja alipeleka kuni jikoni, akapita karibu na dirisha la bibi, akasikia. Aliwaambia wahudumu kwamba bibi anasema aliteleza bafuni juzi na nyonga inamwuma. Siku tatu bibi alikuwa akimweleza kila aliyeingia chumbani. Leo jina la mkata kuni limeandikwa ukutani kwenye chumba cha wauguzi, chini ya namba ya simu ya daktari, kama mkalimani.

Huko Marekani, kwenye nyumba za kutunzia wazee, wamelifanyia kazi jambo hili kwa njia rahisi. Wahudumu wa kawaida, wasio wauguzi, wamepewa kadi ndogo ya kuweka alama: mzee anaonekana tofauti na kawaida yake, anaongea kidogo kuliko siku zote, amekula kidogo, amekunywa kidogo, hajapata choo siku 3, uzito umebadilika, ana usingizi au amechanganyikiwa, ngozi imebadilika, anahitaji kushikwa zaidi anapotembea. Mhudumu haulizwi ni ugonjwa gani. Anaulizwa kama leo ni tofauti na jana, na swali hilo anaweza kulijibu kuliko daktari. Tuliichukua orodha hiyo, tukaiandika kwa maneno yetu, tukaibandika jikoni, kwenye chumba cha kufulia na kwenye kibanda cha mlinzi.

Tulivyoanza upya

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo 9 ya usalama wa mgonjwa, na mojawapo lilihusu mawasiliano wakati wa kukabidhiana. Kwa hiyo hatukubuni kitu kipya tulipoomba kituo kiwe na nusu saa ya zamu mbili kukutana, saa 1:00 hadi 1:30, asubuhi na jioni. Walioingia na wanaotoka wanapita pamoja kitanda kwa kitanda. Mpishi wa zamu anapita nao. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku anapita nao kabla ya kwenda kulala.

Mwanzo haukuwa mzuri, na tunalieleza hili ili kamati zisivunjike moyo. Tulinunua daftari kubwa la ripoti. Baada ya mwezi tulilifungua. Kila usiku ulikuwa umeandikwa, “Hali ni shwari, wazee wote wamelala salama.” Usiku 6 mfululizo sentensi ilikuwa ile ile kwa mwandiko ule ule, pamoja na usiku ambao mzee mmoja alikuwa amelazwa hospitali. Hakulala kituoni kabisa, lakini kwenye daftari alilala salama.

Tulielewa kwamba daftari lenye nafasi tupu huvuta maneno matupu. Sasa kila ukurasa una majina ya wazee upande wa kushoto, na mbele ya kila jina kuna visanduku: amekula kiasi gani, amekunywa vikombe vingapi, choo, ngozi, na kama leo ni tofauti na jana. Mlinzi asiyeandika vizuri husema, mhudumu huandika. Mambo mawili yalisaidia kuliko yote. La kwanza, matroni alitangaza mbele ya wote kwamba hakuna atakayepewa onyo kwa jambo aliloandika. Onyo litakuwa kwa lile lililofichwa. La pili, kila asubuhi yeye mwenyewe husoma mistari miwili mitatu kwa sauti na kueleza kimefanyika nini. Mtu akiona alichokisema jana kimemfanya daktari aje leo, kesho hatahitaji kusukumwa aseme.

Siku za karibuni tulikuta mstari wa mpishi, umeandikwa kwa penseli: bibi wa kitanda cha 6 amekunywa uji nusu kikombe, anasema mdomo mchungu, nimemwambia Sista. Chini yake muuguzi ameandika: nimemwona, nimempima, ana malaria, dawa imeanza. Mstari huo ungestahili kuwekwa katika taarifa za wafadhili badala ya picha ya benchi.

Upande wa simu, tulikuta udhaifu mwingine. Mhudumu wa usiku akimpigia daktari alikuwa akisema, “Dokta, Babu hali yake si nzuri.” Daktari naye, akiwa usingizini na akiwa na wagonjwa wengine, anajibu, “Mpe panadol, nitakuja asubuhi.” Nani wa kulaumiwa? Daktari hakuambiwa kitu. Tuliwafundisha watumishi utaratibu wa hatua nne ulioanzia kwa mabaharia wa nyambizi za jeshi la majini la Marekani, ukaingizwa katika huduma za afya na taasisi ya Kaiser Permanente huko Colorado. Kwanza unasema unachokiona sasa. Pili, kinachojulikana juu ya mgonjwa. Tatu, unavyofikiri wewe. Nne, unachoomba. Kwa mzee wetu seremala simu ingekuwa hivi: “Dokta, ni mhudumu wa zamu. Mzee seremala anatoka jasho na anaongea vitu visivyoeleweka tangu saa 3. Ana kisukari, amemeza kidonge saa 1, na tangu mchana hajala. Nafikiri sukari imeshuka. Naomba uniambie sasa hivi nimpe nini, na kama nimlete.” Hazichukui hata dakika moja. Hatua ya tatu na ya nne ndizo zilizowashinda wengi, kwa kuwa tangu shuleni wamefundishwa kwamba mdogo hatoi maoni mbele ya mkubwa. Tulifanya mazoezi kwa kuigiza, mlinzi akiwa daktari, na vicheko vilikuwa vingi. Vicheko navyo vilisaidia.

Aliyepokea maelekezo kwa simu sharti ayarudie kabla ya kukata. Lugha yetu ni tamu, lakini kwa simu yenye kelele sitini na tisini ni ndugu, na thelathini na themanini ni mapacha. Jingine ni saa. Muuguzi aliyefundishwa kwa Kiingereza anaandika dawa itolewe “8:00”, akimaanisha saa 2 asubuhi. Mhudumu anasoma saa 8, anasubiri hadi mchana. Tulikuta dawa ya presha ikitolewa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akiamini yuko sahihi. Tangu hapo kila saa inaandikwa kwa maneno pamoja na kipindi: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Vile vile “1 x 2” na “2 x 1” kwenye bahasha za dawa. Anayetoa dawa aseme kwa mdomo: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku.

Muuguzi mmoja hakukubaliana nasi, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema tukimruhusu kila mtu kujua kila kitu, siri ya mgonjwa itafika sokoni. Ni kweli. Tulikubaliana kwamba kila mtumishi ajue linalohusu usalama wa mzee katika kazi yake, na asijue zaidi ya hapo. Mpishi anahitaji kujua kwamba mzee fulani lazima ale kabla ya kupewa kidonge, na kwamba asipokula aseme mara moja. Majibu ya vipimo vya damu hayahitaji. Lakini mambo yanayokwenda upande mwingine, kutoka kwa mpishi na mfua nguo kwenda kwa muuguzi, hayo yasiwekewe mpaka wowote.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Sasa tuzungumze habari ya fedha bila aibu. Nusu saa ya zamu mbili kukutana, mara mbili kwa siku, ni fedha ya mshahara. Vocha ya simu ya zamu ya usiku ni fedha. Daftari lenye mistari iliyochapwa ni fedha. Hakuna kati ya hivi kitakachowekewa kibao chenye jina la aliyetoa. Tumezoea kuandika maombi ya vitu vinavyohesabika, na wafadhili wamezoea kutupa vitu hivyo, na sisi tumenufaika sana navyo, hatuvidharau. Lakini kuanzia bajeti ijayo tutaweka mstari wa muda wa kukabidhiana zamu, na tunaomba msiufute kwa kudhani ni posho za vikao. Kituo chenye vitanda vizuri na watumishi wasioambiana kitaendelea kuwapoteza wazee katika vitanda vizuri.

Kamati za sharika mnaotembelea makao baada ya ibada mkiwa na sabuni, sukari na mafuta ya kula, endeleeni, wazee wanawangojea. Tunaomba mwongeze jambo moja. Mkisha kumsalimu matroni na kumweleza nia yenu, mwombeni awaonyeshe daftari la zamu, kisha mkae dakika chache na mfua nguo au mpishi. Msiende kama wakaguzi. Mwulizeni tu: jambo la mwisho uliloliona kwa mzee na ukalisema, lilifanyiwa nini? Akianza kueleza kwa kirefu, shukuruni. Akiwatazama kama mtu asiyewahi kuulizwa, mna kazi.

Kuhusu lile kabati, mjadala ulikuwa mrefu. Matroni aliogopa dawa zitaibwa kama ufunguo utabaki kwa mlinzi, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwishowe mashine, vijiti vyake na pakiti ya sukari vilihamishiwa kwenye kisanduku kidogo kilichotundikwa ukutani, kisicho na kufuli. Ndani ya wiki moja sukari ilikuwa imekwisha, bila mzee hata mmoja kuishiwa sukari mwilini. Chai ya zamu ya usiku ilikuwa tamu tu. Sasa tunaweka glukosi ya unga iliyofungwa kwa plasta, ambayo haipendezi kwenye chai, na anayeibandua plasta anaandika jina lake na jina la mzee.

Zamu ya usiku bado inatushinda. Mhudumu mmoja na mlinzi mmoja kwa wazee 34, mmoja akiwa anamgeuza bibi upande huu na mwingine yuko getini, hawawezi kusikia kila kitanda. Tumejaribu kengele za mkono kwa wazee wenye nguvu, na tumewapanga wazee wenye kisukari chumba kilicho karibu na kiti cha mhudumu. Sharika zinazosimamia vituo vyao, kama mmepata njia nyingine iliyofanya kazi, tuandikieni kupitia ofisi ya jimbo kabla ya toleo lijalo, nasi tutaichapa kama mtakavyoieleza.